Protini ya guniani si protini ya mwilini: Yanayofichuliwa na mkojo wa mtoto

KILA serikali, kaunti au shirika la misaada linapotangaza mpango mpya wa kuwalisha watoto, takwimu mbili hutangulizwa: idadi ya watoto watakaofaidi na gramu za protini ambazo kila mmoja wao atapata. Takwimu ya kwanza huhesabiwa kwa vichwa. Ya pili aghalabu huhesabiwa guniani, hata kabla ya chakula kutiwa sufuriani.

Baina ya gramu hizo za guniani na zile zinazogeuka kuwa misuli, damu na ubongo wa mtoto kuna safari ndefu ambayo wapangaji wengi huikwepa. Sehemu ya protini hupita matumboni bila kusharabiwa na kuishia chooni. Sehemu nyingine husharabiwa vyema, lakini ini huivunja na figo zikaitoa kwa mkojo. Ni ile inayosalia pekee ndiyo humkuza mtoto, na kiasi chake hutegemea aina ya chakula, afya ya utumbo, maradhi aliyo nayo mtoto siku hiyo na hata njaa aliyoipitia miezi iliyotangulia.

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, wanasayansi wamekuwa na chombo cha kuifuatilia safari hiyo hatua kwa hatua bila kumdhuru mtoto. Chombo chenyewe ni atomu za naitrojeni zilizo nzito kidogo kuliko za kawaida. Matokeo yake yamebomoa imani nyingi kuhusu lishe, ingawa katika vikao vinavyoamua watoto watakula nini, matokeo hayo bado husikika kwa mbali mno.

Suala hili si la maabara tu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Ni ufanisi mkubwa ukilinganishwa na asilimia 26 mwaka 2014 na asilimia 35 mwaka 2008-09. Hata hivyo, wastani huo unaficha mengi. Katika Kaunti ya Kilifi kiwango kilikuwa asilimia 37, na Pokot Magharibi asilimia 34. Wengi wa watoto hao hawalali njaa. Hula uji, sima na maharagwe, washiba, lakini hawarefuki.

Hatari ya kutegemea hesabu ya guniani ilidhihirika kwa njia ya kusikitisha nchini China mwaka 2008. Watoto wachanga takriban 300,000 waliugua, na sita wakafariki kwa mujibu wa takwimu rasmi, baada ya kunywa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki.

Walaghai hao hawakuchagua melamini kwa bahati nasibu. Maziwa yalikuwa yameongezwa maji, na maabara zilipima protini kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg nchini Denmark. Mbinu hiyo haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25 kwa kuwa takriban asilimia 16 ya uzani wa protini ni naitrojeni. Theluthi mbili ya uzani wa melamini ni naitrojeni. Kwa hivyo kipimo kilikutana na sumu kikaiita lishe.

Mwili wa mtoto haukudanganyika. Melamini haijengi chochote mwilini. Ilipitishwa kwenye figo, na humo ikashikamana na asidi ya mkojo ikawa vijiwe vilivyoziba njia. Naitrojeni iliyosifiwa guniani ilipatikana yote kwenye mkojo na ndani ya figo zilizoharibika.

Huo ni mfano wa uhalifu, lakini kasoro iliyo ndani ya kipimo chenyewe ipo hata pale ambapo hakuna mhalifu. Mbinu ya Kjeldahl ingali inatumika kote ulimwenguni, na haiwezi kusema ni kiasi gani cha naitrojeni ya chakula kitakachobaki kwa mlaji.

Mbinu kongwe ya kujibu swali hilo ni ya mizani: hupimwa naitrojeni inayoingia kwa chakula, hupimwa inayotoka kwa mkojo na kinyesi, kisha hutolewa tofauti. Kwa karatasi ni rahisi. Kwa mtoto mchanga ni mateso kwa wauguzi na kwa mama. Mkojo humwagika, chakula kidogo hutemwa, jasho na ngozi inayobambuka hazihesabiwi. Makosa yote hayo huelemea upande mmoja, yaani mtoto huonekana amebakisha naitrojeni nyingi kuliko aliyobakisha kwa kweli. Baya zaidi, mizani hiyo huonyesha yanayopita mlangoni pekee. Haisemi lolote kuhusu yanayotendeka ndani ya nyumba.

Hapo ndipo isotopu zinapoingia. Takriban atomu nne kati ya kila 1,000 za naitrojeni duniani zina uzani wa 15 badala ya 14. Mtu wa kwanza kuzitambua alikuwa Mwafrika Kusini, Stefan Meiring Naudé, akifanya utafiti Chicago mwaka 1929. Naitrojeni-15 haitoi miale yoyote. Imo katika hewa, katika sima na katika mwili wa kila msomaji. Tofauti yake ni uzani tu, na mwili huitumia takriban sawa na nyenzake.

Rudolf Schoenheimer, mkemia aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 kufuatia utawala wa Hitler, ndiye aliyeitumia kwanza kufichua siri za mwili. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipata isotopu kutoka kwa maabara ya Harold Urey, mshindi wa tuzo ya Nobel ya 1934, akawalisha panya asidi amino zilizobeba naitrojeni-15. Wakati huo wataalamu wengi waliuona mwili kama injini: sehemu zake zimekwisha kuundwa, na chakula ni mafuta ya kuchoma tu. Schoenheimer alitarajiwa kuiona naitrojeni yake ikitoka haraka kwa mkojo. Sehemu kubwa haikutoka. Aliikuta imejipachika katika protini za ini, utumbo na misuli, hata kwa panya ambao hawakuwa wakikua. Ilibainika kuwa mwili hubomoa na kujenga upya protini zake kila siku. Alifariki mwaka 1941, kabla ya kuona mbinu yake ikiwafikia watoto.

Ili kufahamu jinsi hesabu inavyofanywa, msomaji na afikirie soko la mbuzi lenye malango mengi yasiyoonekana na lango moja tu la kutokea. Mfugaji anayetaka kujua mbuzi wangapi hupita humo huingiza mbuzi watano wenye chapa kila saa. Baada ya muda husimama langoni. Akikuta kwamba mmoja kati ya kila mbuzi 20 wanaotoka ana chapa, hujua kuwa mbuzi 100 hupita sokoni kila saa, ingawa hakuingia ndani wala kuwahesabu.

Kwa mtoto, mbuzi wenye chapa ni asidi amino yenye naitrojeni-15, aghalabu glaisini, inayotiwa kidogo kidogo katika maziwa yake. Lango la kutokea ni yurea iliyomo katika mkojo. Mashine maalumu hutenganisha atomu kwa uzani na kusoma uwiano wake. Mtafiti akishajua ni naitrojeni kiasi gani hupita mwilini, huondoa ile inayotoka kwa mkojo. Iliyosalia ndiyo iliyotumika kujenga protini. Hakuna sindano inayohitajika katika kipimo hiki, jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kumshika mtoto anayetolewa damu atalithamini.

Kisiwa cha Jamaica ndiko mbinu hii ilikotumiwa kwa umakini zaidi kuwachunguza watoto wenye utapiamlo. Katika kituo cha utafiti kilichoasisiwa na daktari Mwingereza John Waterlow katika Chuo Kikuu cha West Indies miaka ya 1950, David Picou na mwenzake Taylor-Roberts walichapisha mwaka 1969 vipimo vya watoto wachanga waliokuwa wamelazwa. Kazi hiyo, pamoja na zilizoifuata, ilionyesha kuwa mtoto mchanga hujenga takriban gramu sita hadi saba za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake, karibu maradufu ya mtu mzima. Chakula chake hakina protini nyingi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya anachojengea ni malighafi iliyobomolewa mwilini mwake mwenyewe na kutumiwa tena.

Mwaka 1972 kituo hicho hicho kilitoa matokeo mengine ya kushangaza zaidi. Yurea ilikuwa ikichukuliwa kuwa taka tupu. Seli za binadamu hazina kimeng'enya cha kuivunja. Lakini bakteria wa utumbo mpana wanacho, na vipimo vilivyotumia yurea yenye naitrojeni nzito vilionyesha kuwa sehemu ya yurea haitoki kwa mkojo. Huvuja hadi utumboni, bakteria huivunja, na naitrojeni yake hurejeshwa mwilini kutumika tena. Mtoto anapopewa protini kidogo, sehemu inayookolewa kwa njia hiyo huongezeka. Ni kama familia inayochemsha majani yale yale ya chai kwa mara ya pili mwisho wa mwezi. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu uzito wa mchango huo katika ukuaji, lakini kuwepo kwake hakubishaniwi.

Kwa hivyo mtoto aliyedhoofika si chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Ni mwili uliojipanga upya kubana matumizi. Umepunguza kasi ya kujenga na kubomoa, umepunguza yurea, na umepunguza kazi ya ini na figo. Ukimiminiwa protini nyingi kwa ghafla, hauna nguvu ya kuishughulikia.

Ugunduzi huo uliikuta dunia ikielekea upande mwingine kabisa. Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ndiye aliyeueleza ugonjwa wa unyafuzi katika majarida ya kitabibu kati ya 1933 na 1935, akiuita kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga kwa maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu ya mdogo wake. Wengi nchini huuita kwashakoo. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi hubambuka. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari kama Hugh Trowell, aliyekuwa amehudumu Kenya kabla ya kwenda Uganda, waliuchunguza kwa miaka mingi, na kufikia miaka ya 1950 jibu lililokubalika lilikuwa moja: uhaba wa protini.

Kutoka hapo, hoja ya wodini iligeuka kuwa siasa ya kimataifa. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyotahadharisha kuhusu janga la protini lililokuwa likinukia. Fedha zilimwagwa katika unga wa samaki, unga wa soya na hata protini zilizokuzwa kutokana na vijidudu. Mnamo 1974 daktari Donald McLaren aliandika makala makali katika jarida la Lancet akiuita mkondo huo wote fedheha kuu ya protini. Alidai kwamba watoto wengi wenye utapiamlo walikosa chakula kwa jumla, si protini peke yake, na kwamba fedha na miaka vilikuwa vimepotea.

Ni rahisi leo kuwacheka wataalamu wa wakati huo. Hata hivyo, hawakuwa wajinga. Walikuwa na gunia la kupima na mtoto aliyevimba mbele yao, na ilionekana kawaida kuunganisha hayo mawili.

Vipimo vya isotopu viliendelea kulitatiza jibu hilo rahisi. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa 1998 na kundi la daktari Mark Manary ulitumia asidi amino yenye kaboni nzito kuwalinganisha watoto wenye unyafuzi na wale waliokonda bila kuvimba, wote wakiwa na maambukizi. Mwili wa mtoto aliyekonda hubomoa misuli yake ili kupata malighafi ya kupambana na maradhi. Wenye unyafuzi walibomoa kidogo zaidi. Watafiti wa Jamaica nao waliona mwelekeo kama huo. Inaelekea kwamba tofauti baina ya watoto hao wawili si kile walichokula tu, bali pia jinsi miili yao inavyoitikia uhaba. Utafiti wa mapacha wa Malawi uliotolewa 2013 uliongeza bakteria wa utumbo katika orodha ya washukiwa.

Yote haya yana uzito wa uhai na kifo. Mwaka 1996 Claire Schofield na Ann Ashworth walipitia ripoti za miongo mitano na kupata kuwa kati ya asilimia 20 na 30 ya watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali walikuwa wakifariki, na idadi hiyo ilikuwa haijabadilika sana tangu miaka ya 1950. Miongoni mwa waliovimba, vifo vilifikia asilimia 50 hadi 60 katika baadhi ya hospitali. Walitaja miongoni mwa sababu matibabu yaliyopitwa na wakati, ikiwemo kuwapa watoto hao protini nyingi tangu siku ya kwanza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) unaofuatwa katika wodi za Kenya leo umejengwa kutokana na tajriba hizo za wodini pamoja na vipimo vya maabara. Mtoto mahututi huanzishwa kwa maziwa ya F-75, yenye gramu 0.9 tu za protini katika kila mililita 100. Ni baada ya hamu ya kula kurejea na uvimbe kuanza kupungua ndipo huhamishiwa F-100, yenye gramu 2.9, au chakula tayari cha tiba. Muuguzi anayemzuia nyanya kumlisha mgonjwa mayai mawili siku ya kwanza huonekana mkatili. Mgonjwa huyo hana ini la kuyamudu.

Iwapo mbinu hii ina manufaa hayo, kwa nini haijatapakaa? Gharama ni sababu moja, kwani mashine inayosoma naitrojeni-15 ni ghali na huhitaji fundi stadi. Sababu ya pili ni hofu, na hofu hiyo ina historia.

Katika shule ya Fernald, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wavulana waliodaiwa kuwa na upungufu wa akili walilishwa uji wa shayiri wenye chuma na kalsiamu za mnururisho kati ya 1946 na 1953. Utafiti huo uliendeshwa na chuo cha MIT kwa ufadhili wa kampuni ya Quaker Oats. Wavulana waliahidiwa uanachama wa klabu ya sayansi na kupelekwa kutazama mechi za besiboli. Barua walizotumiwa wazazi hazikutaja mnururisho. Tume iliyoundwa na Rais Bill Clinton ilichunguza kisa hicho na kutoa ripoti mwaka 1995. Ilisema dozi zilikuwa ndogo na haikupata ushahidi wa madhara, lakini ililaani jinsi watoto hao walivyotumiwa. Baadaye MIT na Quaker Oats zilikubali kulipa fidia ya dola milioni 1.85.

Isotopu za Fernald zilitoa miale, naitrojeni-15 haitoi. Tofauti hiyo ni kubwa kama ya moto na picha ya moto. Lakini kwa mzazi wa Kaloleni, maneno yote mawili yanasikika sawa, na hali huwa tata zaidi anapoelezwa kuwa utafiti unafadhiliwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), lile lile linalotajwa kwenye habari likikagua vinu vya nyuklia vya Iran. Ni kweli kwamba IAEA imesaidia vipimo vya lishe katika mataifa mengi ya Afrika kwa miaka mingi. Sheria za Kenya huhitaji utafiti uidhinishwe na kamati ya maadili na kupata leseni ya tume ya sayansi, NACOSTI. Idhini ya kamati haiwezi kuchukua mahali pa maelezo yanayotolewa kwa lugha ya mama mwenyewe, bila haraka, na bila kuahidi zawadi zinazofanya kukataa kuwe kugumu.

Wakati huo huo, nchi nyingine zimeanza kutumia isotopu kujibu maswali yanayoihusu Kenya moja kwa moja. Nchini India, watafiti wa Taasisi ya St John's mjini Bangalore walinyunyizia mimea maji yenye haidrojeni nzito ili chapa iwe ndani ya punje zenyewe. Kisha waliwalisha watoto wa chini ya miaka miwili na kupima asidi amino zilizofika kwenye damu, wakizilinganisha na protini nyingine yenye kaboni nzito. Walichagua haidrojeni na kaboni kwa kuwa naitrojeni huruka kwa wepesi kutoka asidi amino moja hadi nyingine, na chapa ikipotea njia hesabu huvurugika.

Matokeo yao ya 2019 yanapaswa kubandikwa katika kila jiko la shule. Asidi amino muhimu za yai zilisharabiwa kwa takriban asilimia 87. Za mchele, asilimia 78. Za wimbi, asilimia 68. Za ndengu, asilimia 65.

Wimbi na ndengu! Kilo moja ya ndengu kavu ina takriban gramu 240 za protini zikihesabiwa kwa naitrojeni. Kwa kiwango hicho cha watoto wa India, zingefika mwilini gramu 156 hivi. Si kusema kwamba ndengu ni chakula hafifu. Ni miongoni mwa protini bora ambazo maskini anaweza kumudu. Vipimo vya watu wazima vya watafiti hao hao vilionyesha pia kwamba kuzikoboa huongeza kiasi kinachosharabiwa. Lakini mpishi anayepanga mlo kwa takwimu ya 240 anapungukiwa na theluthi moja bila kujua.

Kuna upande mwingine wa mizani hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Canada walitumia kaboni nzito katika pumzi ya watoto wachache wa miaka sita hadi 10 na kukadiria kuwa wastani wa mahitaji ya protini ni gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, ilhali wastani uliokuwa ukitumika ni gramu 0.76. Kiwango salama walichopendekeza ni gramu 1.55. Kwa mtoto wa kilo 20, hiyo ni tofauti ya kumpa gramu 19 au gramu 31. Si wataalamu wote wanaokubaliana na makadirio hayo, na sampuli ilikuwa ndogo. Hata hivyo, makadirio ya zamani yalitokana na ile mizani ya mkojo na kinyesi yenye makosa ya upande mmoja.

Kenya ina sababu ya kuyatilia maanani haya. Kati ya 1998 na 2000, wanafunzi wa shule 12 za Kyeni, Embu, walishiriki katika jaribio ambapo baadhi walipewa githeri yenye mafuta, wengine githeri yenye nyama, na wengine githeri na maziwa, nguvu ya chakula ikiwa sawa. Waliokula nyama waliongezeka misuli ya mkono na kufanya vyema zaidi katika mtihani wa kufikiri. Maziwa yaliwasaidia waliokuwa wadogo au waliodumaa kurefuka. Nyama huja na madini ya zinki na chuma pamoja na vitamini B12, kwa hivyo haiwezi kusemwa kuwa ni protini pekee iliyofanya kazi. Vipimo vya isotopu ndivyo vingeweza kuyatenganisha hayo.

Utaalamu si mgeni nchini. Mwaka 2005 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi walichapisha vipimo vya maziwa ya akina mama wafugaji wa Pokot vilivyofanywa kwa maji yenye haidrojeni nzito. Kisicho cha kawaida ni matokeo ya aina hiyo kufika kwa wanaoandaa menyu. Mpango wa Dishi na County uliozinduliwa Nairobi mwaka 2023, ambapo mzazi hulipa Sh5 kwa mlo, umeingiza ndengu, maharagwe na wali katika siku ya shule ya maelfu ya watoto. Ni hatua ya kupongezwa. Pia ni fursa, kwani mabadiliko madogo kama kukoboa au kuongeza yai mara moja kwa wiki yanaweza kupimwa katika jiko moja kabla ya kuenezwa kwa mengine.

Shinikizo la gharama ndilo litakaloamua mengi. Kufungwa kwa shirika la USAID, ambalo operesheni zake zilisitishwa rasmi Julai 1, 2025, kulitikisa ununuzi wa chakula tayari cha tiba, ile siagi ya karanga yenye maziwa, sukari, mafuta na vitamini iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996. Maziwa ndiyo kiungo ghali. WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema mwaka 2007 kuwa angalau nusu ya protini yake itoke kwa maziwa. Kwa sasa wanaotaka kuyaondoa na kutumia soya, mahindi na mtama wanapata masikio zaidi.

Majaribio mawili yanawafaa watakaoketi kuamua. Nchini Zambia, chakula cha soya, mahindi na mtama kisicho na maziwa kililinganishwa na kile cha kawaida katika utafiti wa 2015, na watoto wa chini ya miaka miwili walipona kwa idadi ndogo zaidi. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Malawi ulijaribu mchanganyiko wa nafaka na soya hizo hizo ukiwa umeongezwa asidi amino zilizopungua. Mara hii matokeo hayakuwa duni kuliko ya maziwa. Zabuni inayotaja gramu za protini peke yake haiwezi kuutofautisha mchanganyiko wa Zambia na ule wa Malawi. Inayodai orodha ya asidi amino na kiwango chake cha kusharabiwa inaweza.